Simba na Maziwa

Siku ile mjinga alikuwa Najmuddin, na mwenyewe hakatai. Sisi tuliokuwa tukimenya viazi jikoni ni mashahidi.

"Rudia," alisema Khala Mahin, mama mdogo wetu sote pale, mwiko mkononi.

Najmuddin akakohoa, akasimama wima kama bwana harusi mbele ya wakwe. Akasoma:

*Simba akihama mwitu, husalia kuwa simba,*
*Bali kila alalapo, miti ndiyo aotayo.*

"Maziwa!" Khala akagonga sufuria kwa mwiko. "Umesema maziwa tena! Maziwa yamehama mwitu, maziwa yanaota miti. Mwanangu, maziwa yakifika hapo yamwage, yameharibika."

Tukaangua kicheko. Najmuddin hakucheka.

Kwetu Afghanistan, simba ni *sher* na maziwa ni *shir*. Jirani zetu Wairani huviita vyote viwili *shir*, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunywa simba kwa bahati mbaya. Ni tofauti ndogo, upana wa ukucha tu. Lakini juu ya ukucha huo ndipo yalipokalia maisha ya Najmuddin.

Alizaliwa Mashhad, huko Iran, kwa wazazi waliokimbia Charikar, Afghanistan. Shuleni watoto walimpiga kwa matamshi yake. Basi akiwa na miaka saba akayazika, akaanza kusema kama wao, na alisema vizuri mno. Uongo huo ulimlisha miaka ishirini.

Kisha akafika hapa Hamburg kuomba hifadhi. Akaambiwa, soma shairi lolote la kwenu. Akasoma ubeti huo wa baba yake, ambao mzee aliutunga mwenyewe akichimba visima vya watu. Ndio urithi pekee aliomwachia. Kalamu ya mkalimani ilisimama kwenye neno la kwanza. Barua ikaja: huyu ni Mwirani, arudishwe Iran. Iran, iliyokwisha kumfukuza mara mbili kwa kosa la kuwa Mwafghani!

Alibakiwa na nafasi moja ya kusikilizwa tena, Jumatatu asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ndiyo maana tulimpeleka kwa Khala Mahin, mjane wa mtu wa Charikar. Katika hosteli yetu nzima ya wakimbizi hakuna aliyetamka kwa usafi kama yeye. Sisi wengine tulishaanza kumeza maneno na kuchomekea Kijerumani. Yeye kila neno alilibeba kama kikombe kilichojaa chai hadi ukingoni, lisije likamwagika.

"Khala, hebu tuambie, zabibu za Charikar zikoje?" mmoja wetu alikuwa akimchokoza kila akikumbuka nyumbani.

"Marehemu alisema hata nyuki huzilewa," hujibu, na kugeukia sufuria zake.

Najmuddin akarudia. Maziwa. Mara ya kumi, maziwa. Mara ya kumi na moja sauti ilimkatika katikati ya mstari, akapiga meza hadi viazi vikabingirika sakafuni.

"Basi! Baba yangu kule kaburini ananisikia nikimwita maziwa."

"Baba yako anasikia kwamba unajaribu. Futa makamasi, rudia."

"Kwako rahisi, Khala! Wewe umezaliwa nayo mdomoni. Umekulia kwenu, umebembelezwa kwa lugha hii ukiwa mgongoni kwa mama yako. Unajua nini wewe, kuupinda ulimi kwa nguvu, neno kwa neno, siku hadi siku, kwa sababu kuna mtu ukifungua mdomo unamuumiza masikio?"

Visu vyetu vikasimama. Khala Mahin hafokewi. Hata meneja wa hosteli hupita mbele yake akiwa amevua kofia.

Yeye akapunguza moto chini ya wali. Akapangusa mikono kwenye aproni, taratibu, kidole baada ya kidole. Alipojibu, alijibu kwa sauti ambayo kwa miaka minne hatukuwahi kuisikia kwake: Kiirani cha Mashhad, safi kabisa, kinachoteleza kama kisu ndani ya siagi.

"Mimi ni Mwirani, mwanangu. Huu ulimi nilianza kuupinda siku niliyoolewa, ili mume wangu akirudi kutoka kubeba matofali, asikaribishwe nyumbani kwake kwa sauti ile ile iliyomtukana mchana kutwa."