Pakiti ya Bi Zamzam

Alasiri hiyo Kitwana aliingia kwenye chumba cha poka akiwa ameazimia jambo moja: hatoki humo kabla ya kuzungumza na Bi Zamzam, mgawaji wa karata, ambaye yeye Kitwana alimwita mwizi wiki iliyopita mbele ya watu.

Wachezaji walipomwona walitazamana. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, lakini Faraji alikitupia kofia yake.

"Kina mtu," alisema.

"Nani?"

"Yeyote asiye wewe."

Wenzake wakacheka. Kitwana hakugeuka. Alisimama nyuma ya kile kiti.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

Miezi sita alikuwa akipokea karata kutoka mikononi mwake na hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba," mama huyo alijibu bila kuinua macho, akiendelea kuchanganya.

"Nilikukosea. Nilishindwa nikaona aibu, nikakutupia wewe lawama. Nimekuja kuyasema hapa hapa nilipokutukana."

"Umeshasema. Sasa?"

"Nataka kucheza na nyinyi. Hata nikishindwa, leo siondoki kwa hasira."

Faraji aliitazama kofia yake kwa muda, kisha akaichukua akaivaa.

Kitwana alipoketi, Bi Zamzam alimsogezea pakiti ya karata aikate. Katika chumba kile, mwenye shaka hukata: huinua karata za juu na kuziweka chini. Anayemwamini mgawaji huigonga tu na kuiacha ilivyo. Siku zote Kitwana alikata, tena mara mbili.

Aliigonga mara moja, akaondoa mkono.

Bi Zamzam hakugawa. Alimtazama usoni, kiganja chake kikiwa kimetulia juu ya karata, na meza nzima ikangoja aamue kama amemsamehe.