Mnong'ono wa Bibi Rula

Umeme ulikatika, na kipaza sauti kikafa mkononi mwa mkurugenzi aliyekuwa akituhutubia. Ukumbi mzima ukaguna.

Mwalimu wetu wa usanifu majengo, tuliyemwita Bibi Rula kwa sababu rula haimtoki mkononi hata akinywa chai, akapanda jukwaani taratibu. Akasogea kushoto kidogo, akipapasa sakafu kwa ncha ya kiatu kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo zamani. Akasimama. Akanong'ona:

"Nani kaziba madirisha yangu ya juu, hewa ipite wapi?"

Mimi nilikuwa safu ya mwisho kabisa, mgongo ukutani. Maneno yalinifikia kana kwamba ameketi ubavuni kwangu.

"Madirisha yake?" mwenzangu akaniuliza. "Si kibao cha mlangoni kinamtaja msanifu mwingine?"

Bibi Rula hakupandisha sauti hata chembe.

"Bosi wangu aliniambia sauti ya mwanamke haifiki mbali. Sikubishana naye. Nikaichora dari hii ibebe sauti hadi nyuma, sahihi akatia yeye."

Akainua rula kuelekea kwetu.

"Haya, wanangu wa nyuma. Mnanisikia?"