Samaki wa Bahari Mogogosiek

Siku hiyo mjinga alikuwa Mathew Kiptum, na mpaka leo hakatai. Saa nne asubuhi, badala ya kuwa kiwandani akiandika kilo za majani ya chai, alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kochi lake mwenyewe, sakafu ya simiti ikimnyonya joto la tumbo, akimvizia mwizi wa maji.

Si maji yoyote. Maji ya bahari.

Mambo yalianza mhandisi wa mitambo alipohamishwa, akamwachia Mathew sanduku la kioo la kufugia samaki, pampu, taa na hita. Dereva Obonyo, ambaye lori lake lilishusha chai Mombasa kila wiki, akawa anarudi na mitungi ya maji ya bahari, na mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Mhandisi aliacha agizo moja tu. Alichora mstari kwenye kioo, akasema: maji yasishuke chini ya hapa.

Mwezi mzima hapakuwa na samaki. Mawe lazima yazoee kwanza. Majirani walikuja, wakatazama, wakatazamana.

"Watu wengine wanachunga ng'ombe," akasema Zacheus mwenye duka. "Kiptum anachunga mawe."

Hatimaye Obonyo akaleta samaki wawili wadogo, rangi ya karoti, wamevaa mikanda myeupe. Alicheka mpaka akashikilia mlango. "Kwetu samaki ni wa kusindikiza ugali, si wa kuwashiwa taa!"

"Na hii baridi ya Mogogosiek?" Zacheus akadakia. "Ai, Kiptum, utawashonea sweta?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponza Mathew. Aliapa mbele ya watu kwamba samaki wake wataiona Krismasi. Wakiiona, Zacheus atatoa ile redio yake kubwa ya kaseti. Wasipoiona, Mathew atatoa mtamba. Na mtamba mwenyewe alikuwa wa Janeffer, mkewe, mzao wa ng'ombe aliyepewa na baba yake mzazi.

Janeffer hakugomba. Aliuliza tu, "Mtamba wangu kwa redio?" kisha akarudi jikoni. Mathew aliona afadhali angegomba.

Kila Jumapili, wakitoka kanisani, Mathew alikuta maji yameshuka kidole kimoja. Alifungua mtungi wa Obonyo, akajaza maji ya bahari mpaka kwenye mstari, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. Lakini wiki ya tatu samaki walilala chini, mapezi yamekunjwa, hata chakula hawataki. Mathew akajifungia chumbani, akafunga na kuomba siku mbili. Siku ya tatu wakainuka! Kufikia Jumapili walikuwa wakifukuzana kama watoto wa nasari. Kanisani alitoa ushuhuda mrefu hata mchungaji akatazama saa mara mbili.

Baadaye ndipo akagundua jambo. Jumapili mbili mfululizo maji hayakuwa yameshuka hata unywele, na mtungi wake ulikuwa umejaa vilevile. Kuna mtu alikuwa akijaza; bila shaka anaiba ya bahari, kisha anaficha wizi wake. Na angejaza na nini, kama si maji ya mvua ya pale nje kwenye tangi? Maji ya mvua, kwa samaki wa bahari! Na Krismasi imebakisha siku tisa!

Ndiyo maana kazini alisema jino linamuua. Nyumbani alisema anaenda Kaplong kuling'oa. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaingilia dirishani.

Mlango ukafunguka. Mathew akachungulia kando ya mguu wa kochi.

Alikuwa Janeffer. Mkono mmoja ndoo tupu, mwingine birika. Alichovya kidole ndani ya kioo, akaonja, akatikisa kichwa. Akachota jagi mbili za maji ya bahari, akazimwaga kwenye ndoo. Kisha, taratibu, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa, akarudishia kwa birika mpaka kwenye mstari. Nje ng'ombe wake wa maziwa akalia. Janeffer akampelekea ndoo, na Mathew akausikia ule ulimi ukikwangua mpaka chini. Nani asiyejua ng'ombe na chumvi? Kumbe ndiyo sababu chai ya siku hizi ilikuwa nyeupe kwa maziwa!

Janeffer aliporudi ndani, Mathew akachomoka, vumbi kichwani.

"Mwizi ninalala naye kitanda kimoja!"

Janeffer akamwangalia kuanzia nywele mpaka soksi. "Si ulisema jino?"

"Achana na jino! Unaibia samaki, unapea ng'ombe! Na ili nisijue, unajaza na maji ya mvua. Hao ni samaki wa bahari, Mama Fancy! Wakifa, huyo mtamba wako ataenda kwa Zacheus akitembea, na mimi sitakuwa na neno."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza! Kila Jumapili maji yakipungua, nani anawaongezea ya bahari, tena safi, ya kutoka Mombasa? Mimi! Na wewe unaharibu!"

Janeffer akapangusa kidole kwa leso.

"Siku walikuja, nilionja haya maji. Siku walilala chini nikaonja tena, nikatema. Wewe ulikuwa chumbani unaomba." Akachukua birika lake. "Sasa niambie, Baba Fancy. Mchuzi ukikauka jikoni, wewe unaongeza maji ama unaongeza chumvi?"