Mikia ya Kanda ya Tisa

Mchora ramani alisubiri wenzake wote watoke kwenda kula, ndipo akausogeza mpaka.

Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Kata ya kwao ilikuwa Kanda ya Nne. Akaichomoa na kuiunga na Kanda ya Tisa kwa kipande chembamba kilichofuata kijito. Kwenye kompyuta kilionekana kama mkia wa mjusi. Nani angeuliza? Kanda ya takwimu haina bendera wala askari wa mpakani.

Ila safari hii kulikuwa na hospitali. Serikali iliahidi kujenga moja, yenye mashine za kusafisha figo, kwenye kanda itakayoonekana maskini kuliko zote. Idara nzima ilijua kuwa ni ya Tisa. Na sharti lilikuwa kali: itatibu watu wa kanda yake tu.

"Mama anasafiri kwa saa sita kila Jumatatu na Alhamisi kwenda kusafishwa figo," dada yake alimwambia kwenye simu. "Kaka, amechoka. Juzi kasema anataka kuacha."

"Mwambie avumilie kidogo. Nimeshawapangia."

Ni kata moja tu, alijipa moyo. Kata yenye lami na umeme, yenye nafuu kuliko zote za Kanda ya Nne, lakini moja tu.

Siku ya kuwasilisha kazi, mkurugenzi alitandaza ramani mezani. Kanda ya Tisa ilikuwa imeota mikia sita. Mmoja ulifika kwao mhasibu, mwingine kwao katibu muhtasi, na ule mnene kuliko yote ulinyooka mpaka kijijini kwa mkurugenzi mwenyewe. Wajuzi wa hesabu wote hao, na hakuna aliyekumbuka kuwajumlisha wenzake. Watu wakainamia viatu vyao.

"Kuna mwenye maoni?" mkurugenzi aliuliza huku akikohoa.

Ramani ikapigwa muhuri.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Kwa kata sita za watu wenye nafuu, Kanda ya Tisa ilikuwa imepanda kutoka mwisho hadi nafasi ya tatu. Mchora ramani akaifunga ripoti. Hakusoma zaidi.

Simu ikalia.

"Kaka, Mungu akubariki! Matingatinga yamefika! Hospitali wanaijenga hapo ng'ambo ya kijito, tunaiona tukiwa mlangoni. Wanasema sasa Kanda ya Nne ndiyo maskini kuliko zote. Mama ameshavaa viatu, anataka akaandikishwe leo leo. Sema upesi, wanaandika majina: sisi ni kanda gani?"