Seva ya Maficho

Nungunungu, asiyeamini hata kivuli chake, alipewa kazi ya kuchagua toleo la Linux, programu ya kuendeshea seva, yaani kompyuta kuu ya wanyama. Seva hiyo ilitunza orodha ya maficho ya watoto wao wote, na fisi walikuwa wakiitafuta.

"Toleo langu halina mwanya hata mmoja wa kupenyea mwizi," alijigamba Tausi.

"Kwenye langu, mwezi huu tumekuta mianya tisa," alisema Fuko. "Yote tumeshaiziba."

Wanyama wakamcheka Fuko. Nungunungu hakucheka. Alimkazia macho Tausi.

"Lako limekaguliwa na nani?"

"Likaguliwe la nini? Si nimekwambia halina mwanya?"

Nungunungu akasimamisha miiba yote.

"Fuko, weka lako. Mianya ya Tausi watakuja kutuhesabia fisi."