Kipigo cha Fahali

Kwa nini bingwa mstaafu aombe kuandikiwa kipigo? Nimelifikiria sana swali hili.

Fahali, aliyestaafu masumbwi bila kushindwa hata mara moja, alimwendea Kasuku, mtunza rekodi.

“Shikamoo, bingwa! Umekuja kusomewa sifa zako tena?”

“Marahaba. Katika pambano langu na Nyati, aliniangusha, ila mwamuzi alipohesabu kuelekea kumi alitaja saba mara mbili, nikapata muda wa kuinuka, kisha nikamshinda. Mpe ushindi wake.”

“Nyati alishakufa, mzee wangu. Nawe hutaitwa tena asiyeshindwa.”

“Najua. Natamani kupigana naye tena, na hayupo. Basi angalau nimwone ameshinda.”

Chama cha masumbwi kilikaa, kikaamua rekodi isahihishwe. Kasuku aliinua kalamu, akairudisha mezani. Fahali ndiye aliyeandika kipigo hicho, kwa mkono wake mwenyewe.