Milioni Moja na Moja

Mwalimu Mwatumu alikuwa akiigawanya milioni moja na moja kwa chaki, kwenye ukuta wa chumba chake, wifi yake Salha alipoingia na sanduku tupu.

“Wifi, kaka ameamua. Mke mwingine anaingia Ijumaa. Kusanya vyako.”

“Ngoja nimalize hii.”

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuna mtoto. Alikwisha kujaribu tatu, saba, kumi na moja, mpaka tisini na saba. Kila mara pakawa na baki.

“Unatafuta nini?”

“Kama inagawanyika. Isiyogawanyika huitwa namba tasa.”

Salha akainamisha kichwa. Neno hilo aliwahi kumtupia wifi yake mbele ya wageni.

Mwatumu akajaribu mia na moja. Akateremsha tarakimu moja moja, machozi yakimziba macho, hadi mstari wa mwisho. Elfu tisa mia tisa na moja, baki sifuri.

“Imegawanyika,” alisema.

Alipogeuka, Salha alikuwa ameketi kitandani, kashika tama, macho ukutani, hajagusa nguo hata moja.